Mama Lagimaina, Aliyefukuza Magimbi Kisha Akayarudisha

Mama Lagimaina Seumalo anastaafu leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kuitumikia Hospitali ya Falelua kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia akiwa muuguzi mwembamba mwenye viatu vya kuazima. Anaondoka akiwa mkuu wa jiko na lishe, na viatu ni vyake. Katika miaka hiyo amelisha wagonjwa wa nusu ya kisiwa hiki cha Savai'i. Nusu nyingine walikuja kula wakijifanya wagonjwa.

Wasifu huu ulikuwa uandikwe na daktari mkuu. Akauandika, tukausoma jikoni, wawili wakasinzia. Ndipo kazi ikaangukia kwangu mimi, Pesamino wa tanuri la mawe, niliyeacha shule kidato cha pili nikiwa bado na akili zangu zote. Daktari ana vyeti, mimi nina maneno. Mtahukumu wenyewe.

Niseme jambo moja mapema ili mtu asije akashtuka katikati. Kiti kilicho karibu na cha Mama Lagi leo kiko wazi. Ni cha Mzee Uelese, mumewe, tuliyemzika mwezi Septemba. Kwa miaka hii ya mwisho Mama alitaka kitu kimoja tu, na hakukificha, kila mtu jikoni alikijua: amfikishe Uelese siku ya leo akiwa hai, amekaa mezani, anakula na watu. Alikosa wiki chache tu. Nilipomwambia kwamba nitaandika mazuri matupu, alinikazia macho yale yanayoweza kuivisha shelisheli bila moto. "Andika na ya mguu," alisema. "Ukiruka ya mguu, nitasimama niseme mwenyewe, na wewe utaaibika mbele ya wageni."

Basi ya mguu yatakuja. Tuanze na mwanzo.

Miaka yake ya kwanza ilikuwa ya wodi na sindano, na wapo watu wazima hapa ambao hadi leo wakimwona hushika makalio. Baadaye akapewa kuambatana na kamati ya akina mama, ile inayopita nyumba kwa nyumba kukagua mashuka, vyoo na vyandarua. Yeye akaongeza ukaguzi wa masufuria. Filimbi ya kamati ikilia, watu walianika nje mashuka yao mazuri na kusukuma makopo ya nyama chini ya kitanda. Mama Lagi alianzia chini ya kitanda.

"Hili kopo la nani, dada?"

"La paka, sista."

"Paka wako ana bahati. Amekaangiwa na kitunguu."

Hivyo ndivyo alivyopendwa. Alikuwa akikukamata huku unacheka, ukaja kugundua amekukamata akiwa ameshafika nyumba ya tatu.

Wakati huo kisukari kilikuwa kinatuingilia kila nyumba kama mchwa. Watu walikuwa wakija hospitali na kidonda cha kidole na kuondoka bila kidole. Mwaka 2016 kikaingia nyumbani kwake. Mzee Uelese alikuwa mkuu wa ukoo wake, shemasi, mtu mwenye mabega kama mlango wa kanisa, na mkulima wa magimbi ambaye magimbi yake yalipanda feri kwenda sokoni Apia, mji mkuu, kila wiki. Alizungumza na magimbi yale zaidi kuliko alivyozungumza na mashemasi wenzake, na alisema yanasikiliza vizuri zaidi. Alipopimwa, namba iliyotoka ilimfanya Mama Lagi akae chini.

Mwaka huohuo alipelekwa semina Auckland, akarudi na amri moja: wanga marufuku. Mwenye kisukari asiguse magimbi, shelisheli, ndizi, viazi vikuu, wali wala mkate. Ale nyama, mayai, samaki na tui la nazi, ashibe, apone. Huko aliona picha za watu walionenepa hadi basi, kisha picha zao wamepungua, wamevaa suruali za zamani zilizowapwaya, wanatabasamu. Alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hupenda amri fupi.

Akaifanya kazi hiyo kwa moyo wake wote, kama afanyavyo kila kitu. Alichora gimbi kubwa kwenye karatasi, akalipiga msalaba mwekundu, akalibandika mlangoni mwa kliniki. Jikoni tuliambiwa sahani za wagonjwa wa sukari zisionekane na gimbi hata la bahati mbaya. Ndugu wa wagonjwa wakaanza kuingia wodini wakitembea kwa tabu, na magimbi ya moto yamefungwa ndani ya lavalava, vitambaa vyao vya kiunoni. Jamaa mmoja alitibiwa paja lililoungua, akasema ameungua na chai.

Kulikuwa na Bibi Saunoa, mgonjwa wa kitanda cha dirishani, mwenye ulimi kama wembe. Mama Lagi alimpitia jioni akiwa na furaha, kwa sababu sahani ilikuwa nyeupe, tupu kabisa.

"Bibi, umekula vizuri leo?"

"Sijala."

"Bibi, mayai mawili na samaki mzima vimekwenda wapi?"

"Hivyo nimeonja. Kula, sijala. Mimi nangoja chakula."

Na aliendelea kungoja, siku baada ya siku, akiangalia mlango wa jiko. Tulicheka sana. Mama Lagi hakucheka, lakini msalaba mwekundu haukuondoka.

Tusimwonee. Amri ile ilianza kwa kufanya kazi, na Mama anataka mjue hilo pia, kwa sababu hapendi uongo hata ule unaomsaidia. Mzee Uelese alipungua. Sukari ikashuka. Koti lake jeupe la ibada likafungwa vifungo vyote kwa mara ya kwanza tangu harusi, na watu wakaja kuuliza siri. Yeye aliwajibu, "Mke wangu ana vitabu, mimi nina tumbo. Tumbo limeambiwa lifuate vitabu."

Shida ilianzia kwenye chakula cha Jumapili baada ya ibada. Mnajua utaratibu wetu: wazee hupelekewa masinia kwanza, wanakula, kinachobaki kinarudi nyuma kwa watoto na vijana walioamka alfajiri kuchoma mawe ya tanuri. Mzee Uelese alikuwa ameambiwa nyama ruksa, gimbi marufuku. Naye mtu wa utii. Akamaliza samaki, akamaliza kuku, akamaliza mbavu za kondoo na mafuta yake, akamaliza nyama ya kopo hadi mchuzi, kisha sinia likarudi nyuma na mlima wa magimbi matupu. Jumapili ya kwanza watoto walinyamaza. Jumapili ya tatu mjukuu wake, Tiresa, mtoto mdogo mwenye sauti ya kengele, akasema mbele ya mchungaji, "Babu siku hizi ni papa. Anakula kila chenye damu, sisi anatuachia mawe."

Watu walicheka hadi mchungaji akafuta macho. Mzee Uelese naye alicheka. Lakini Jumapili iliyofuata alisema kichwa kinamuuma, akala peke yake nyuma ya nyumba, ameupa mgongo ukumbi. Na iliyofuata pia. Mama Lagi alimwona na akajiambia ni gharama ndogo. Namba zilikuwa nzuri.

Kuna kitu alichokisahau, na yeye mwenyewe ndiye anayekiita kwa jina lake. Mzee alikuwa anameza vidonge vya kushusha sukari, na alivianza wakati anakula magimbi kama jeshi. Wanga ukaondoka, vidonge vikabaki vilevile. Muuguzi mwenye uzoefu wote ule alijua kwamba vilipaswa kupunguzwa, na kwamba daktari alipaswa kuambiwa kabla. Kwa mgonjwa mwingine yeyote angekumbuka. Kwa mumewe alikuwa anaangalia namba tu, na namba zilikuwa zinampendeza.

Asubuhi moja ya mwezi Machi, mwaka uliofuata, Mzee Uelese alimeza vidonge vyake, akala mayai mawili, akapanda shambani na panga. Jua lilikuwa kali. Saa sita vijana wake wawili wakamkuta anayumba kati ya magimbi, anatokwa jasho, anaongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu.

"Haa! Shemasi amelewa!" alisema mdogo, na wakacheka, kwa sababu mtu yule hakuwa ameonja pombe maishani. Walikuwa bado wanacheka alipoanguka juu ya panga.

Mkubwa ndiye aliyetambua kuwa sukari imeshuka mno, akamenya ndizi mbivu na kumsokomeza mdomoni, ndizi ileile iliyokuwa marufuku nyumbani kwao. Mzee akafumbua macho akauliza nani amekata kisigino chake.

Kidonda hakikupona. Kilisafishwa, kikafungwa, kikaombewa, kikaendelea. Mwezi wa Juni alivushwa kwa feri hadi Apia, akarudi na mguu mmoja na nusu.

Jambo lililofuata halijawahi kutokea Falelua, na wazee bado wanabishana kama liliruhusiwa. Siku ya pili baada ya Mzee kurudi, alfajiri, Mama Lagi alikwenda mbele ya nyumba kubwa ya ukoo wa mumewe na kaka zake wawili kutoka kijiji alikozaliwa. Akaketi chini kwenye kokoto, na kaka zake wakamfunika kichwa kwa mkeka mwororo wa ukoo wao. Hivyo ndivyo anavyofanya mtu aliyemwaga damu. Anakaa pale, jua limpige, mvua imnyeshee, mpaka wenye nyumba waamue kumfunua au kumwacha. Kwa mke kumfanyia mume wake, nani alishasikia? Lakini yeye alisema mguu ule haukuwa wa mume wake tu, ulikuwa wa mkuu wa ukoo, na ukoo una haki ya kukasirika.

Na ukoo ulikuwa umekasirika kweli. Shemeji zake walikaa ndani wakimtazama bila kutoka. Jua likapanda. Kijiji kizima kikapata shughuli za kufanya karibu na uzio ule. Ilipofika saa tatu na nusu tukasikia vurugu ndani, kitu kimeanguka, mtu anagomba, kisha Mzee Uelese akatokea mlangoni na magongo asiyoyazoea, shemeji wawili nyuma yake wanajaribu kumshika. Akaruka kwa mguu mmoja hadi kwenye mkeka. Akauvuta kwa nguvu nusura amwangukie mtu aliyekuwa chini yake.

"Toka juani wewe," alisema. "Unataka na wewe ukatwe kitu?"

Mama Lagi hakuinua kichwa. "Mguu wako nimeukata mimi."

"Wewe? Wewe hata kuku huwezi kumkata, mpaka umwite Pesamino." Hapo alinitaja, nami nilisikia kwa masikio yangu, na sijaacha kulisimulia hadi leo. "Kila kitu unataka kiwe kazi yako. Panga ni langu, shamba ni langu, na uzembe wa kutokula nikaenda kulima ni wangu. Inuka. Na kama umekuja kuomba msamaha kwenye nyumba hii, mbona mikono mitupu? Gimbi liko wapi?"

Alikuwa anatania, lakini sauti ilimkatikia kwenye neno la mwisho, na wote tuliokuwa kwenye uzio tukaanza kuangalia miti.

Watu wengi wangeishia hapo: magimbi yarudi, mlima urudi, tuendelee na kufa kama zamani. Mama Lagi alijua kwamba mlima ule ndio uliomletea Mzee ugonjwa tangu mwanzo. Ndiyo maana nasema sehemu ngumu ya kazi yake ilianzia hapo, na si kwenye semina. Aliondoa msalaba mwekundu mlangoni. Alisimama wodini wakati wa sala ya jioni akawaambia wagonjwa kwamba alikosea. Akaenda kwa daktari na vidonge vya mumewe mkononi, na tangu siku hiyo hakuna mgonjwa Falelua aliyebadilishiwa chakula kabla vidonge vyake havijaangaliwa. Kisha akaingia jikoni akaanza upya.

Gimbi likarudi, kiasi cha ngumi. "Ngumi yangu au yako?" Mzee aliuliza siku ya kwanza. "Yako." "Iliyofungwa au iliyokunjuliwa?" "Uelese, kula." Pembeni ya ngumi hiyo kikakaa kipande cha samaki, na nusu ya sahani ikajaa majani ya kijani, yale ambayo zamani tuliwapa nguruwe. Bustani iliyo nyuma ya wodi ya wazazi, mnayoipiga picha na kusema hospitali ina bustani, aliilima yeye kwa mikono yake, na Mzee akipalilia akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, anakisogeza kwa gongo mstari hadi mstari.

Lililomshinda kwa muda mrefu ni sinia. Zamani, wazee wa kale wanasema, mkuu wa ukoo alikula kidogo tu kisha akasukuma sinia mapema, ili chakula kizuri kirudi kwa watoto kikiwa bado kina maana. Huo ndio ulikuwa ukuu. Lakini Mzee Uelese alikua yatima, mtoto wa mwisho kula katika nyumba ya watu, na aliapa kwamba siku akipewa sinia lake hatabakisha kitu. Mama Lagi hakumgombeza. Jumapili moja alimketisha Tiresa mbele ya babu yake, mahali ambapo watoto hawaketi, akamwambia mtoto amtazame tu. Mzee alikula ngumi yake ya gimbi, samaki kidogo, majani. Akanyoosha mkono kwenye mbavu za kondoo. Akamwona mtoto. Mkono ukakaa hewani. Kisha akalisukuma sinia taratibu, kama mtu anayesukuma mtumbwi wenye mwanawe ndani, na alikuwa analia.

"Babu, wewe si papa tena," alisema Tiresa, mdomo umejaa.

Hiyo ndiyo kanuni mliyoisikia kliniki kwa miaka minane iliyofuata: kula kila kitu, kidogo, pamoja na watu, kisha sukuma. Haina picha za suruali zilizopwaya. Watu walipungua polepole, wengine hawakupungua kabisa, lakini waliendelea nayo mwaka wa pili na wa tano, na hilo ndilo amri ya semina haikuwahi kulipata hapa kwetu. Vidole vinavyokatwa vimekuwa vichache. Bibi Saunoa, Mungu amrehemu, aliletewa sahani ya kwanza ya mpango mpya, akalitazama gimbi lile dogo akauliza kama hospitali imepatwa na njaa. Akala. Mama Lagi akamuuliza kwa woga, "Bibi, umekula?" Bibi akajifuta mdomo. "Leo nimekula. Kidogo, lakini nimekula."

Mimi nilikuwa nimeshaajiriwa wakati huo, na ninathibitisha kuwa shelisheli zangu ndizo bora kisiwani, kwa sababu Mama Lagi alizirudisha mara nyingi nilipoziunguza. Alinifundisha kuonja kabla ya kujisifu. Nusu ya somo niliishika.

Mzee Uelese aliishi miaka minane na mguu mmoja, mezani, katikati ya watu. Mwezi wa Februari mwaka huu alipanda kipande kipya cha magimbi kwa ajili ya leo. Alihesabu miezi kwa vidole, akasema yatakuwa tayari Mama atakapovua kofia ya kazi. Mwezi Septemba, asubuhi tulivu, moyo wake ulisimama akiwa kwenye kile kiti cha plastiki, pembeni ya magimbi hayo. Kisukari kilikuwa kimeula moyo huo pia, kimyakimya. Mama alishindwa na ugonjwa mkubwa kuliko yeye, kama tutakavyoshindwa wote, lakini aliuchelewesha sana, na aliuchelewesha kwa namna ambayo mtu bado alikuwa anaishi.

Sasa nasema lile ambalo daktari hakuthubutu kuliandika. Tangu mazishi, Mama Lagi hali chakula. Anapika, anagawa, anakagua sahani za wengine, kisha anasimama karibu na dirisha la jiko na yai moja la kuchemsha, anamaliza, anaosha mikono. Sisi tunaona. Mama, umetufundisha kuona. Ulipokuwa kazini ulikuwa na sisi wa kukutazama, lakini kuanzia kesho utakuwa nyumbani peke yako, vijana wako Auckland, Tiresa shuleni Apia, na hakuna atakayejua umekula au umeonja.

Kwa hiyo tumekaa jikoni tukapanga zamu, na hatukukuuliza. Uliposikia juzi, ulifoka: "Sitaki walinzi nyumbani kwangu!" Mimi nilikujibu na ninakujibu tena mbele ya wageni wote: Mama, huyo hatakuwa mlinzi, atakuwa mlaji. Kila Jumapili baada ya ibada mmoja wetu ataketi mbele yako, na hatainuka mpaka uwe umekula gimbi kiasi cha ngumi yako, na samaki, na majani yako uliyotulazimisha sote. Mezani leo kuna magimbi aliyoyapanda Mzee. Vijana wa tanuri tumeyachimba wenyewe. Hatujui kama utaweza kuyala. Tumeyapika hata hivyo.

Tunakushukuru kwa sindano, kwa masufuria, kwa bustani, na zaidi ya yote kwa siku ile uliyokaa chini ya mkeka, kwa sababu ulitufundisha kwamba mkubwa naye anaweza kusema nimekosea na kesho akarudi kazini. Tunakutakia miaka mingi, yenye njaa ya kawaida na watu wa kula nao. Jumapili hii ya kwanza zamu ni yangu. Nitafika alfajiri, nichome mawe.

Moto nitauwasha mimi, Mama. Wewe ule.